Misisi: Filamu imo kwenye flashi, televisheni yakataa kuifungua

MISISI, Fizi – Flashi imechomekwa, taa ya kiboksi imewaka, watoto wamekaa kwenye mkeka. Jina la filamu linaonekana kwenye skrini. Ukilibonyeza, yanatokea maandishi kwamba faili haiwezi kuchezwa. Au sauti inasikika lakini picha ni nyeusi tupu. Siku nyingine ni kinyume: waigizaji wanafumbua midomo, hakuna neno linalotoka.

Katika mji huu wa machimbo ya dhahabu, kusini mwa Baraka, hilo si jambo la kucheka. Umeme wa gridi ya taifa haupo. Jioni moja ya filamu hutegemea betri iliyochajiwa kwa jua mchana kutwa, au mafuta ya jenereta yaliyonunuliwa kwa pesa ya shimoni. Na filamu yenyewe imelipiwa. Kutazama moja kwa moja kwenye intaneti kunamaliza bando haraka, kwa hiyo mwenye kompyuta hupakua mara moja, na wengine humpelekea flashi au kadi za simu awajazie. Haki za wenye filamu ni mada nyingine, na kwenye vibanda hivi ni nadra mtu kuiuliza.

Ugomvi huanza asubuhi. Mteja anarudi akidai ameuziwa faili mbovu. Muuzaji anaifungua kwenye kompyuta yake, inacheza bila tatizo. Wote wawili wanasema kweli.

Herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili, MP4, MKV au AVI, ni kama jina la mfuko. Hazisemi vilivyomo vimefungwa vipi. Ndani mna picha na sauti, kila kimoja kimebanwa kwa njia yake ili faili iwe ndogo. Njia iliyoenea zaidi ya kubana picha, H.264, ilitoka mwaka 2003. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo pia huitwa HEVC, inayoweza kutoa picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. Filamu iliyokuwa na gigabaiti 2 inaweza kushuka hadi karibu 1.

Kwa anayepakua kwa bando, nusu hiyo ni pesa. Ndiyo maana huchagua faili ndogo. Lakini kiboksi kilichotengenezwa kabla ya H.265 kuenea hakina chipu ya kuifungua. Kompyuta ina prosesa yenye nguvu na programu kama VLC inayofungua karibu kila kitu. Kiboksi hutegemea chipu yake tu, na chipu haifundishiki. Deki za DVD zenye tundu la USB zina hali ngumu zaidi. Nyingi hufahamu AVI za zamani za DivX au Xvid, na hata H.264 huzishinda. Basi alichookoa muuzaji kwenye bando, mnunuzi anakilipa kwa betri na jioni iliyoharibika.

Tatizo la sauti lina chanzo kingine. Filamu nyingi hubeba sauti ya AC3 au DTS, mifumo yenye leseni za kulipia, na watengenezaji wa vifaa vya bei ya chini mara nyingi huziacha. Filamu ya vita ikipoteza sauti, angalau mtu anaona risasi. Lakini filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa mtindo wa Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, bila sauti imebaki nini?

Flashi nayo ina mambo yake. Iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 inasomwa na karibu kila kifaa, ila haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Ikiandaliwa kwa NTFS au exFAT inabeba faili kubwa, lakini viboksi vingine haviioni kabisa.

Dawa ipo, na haina bei moja. Kama kasoro ni sauti peke yake, muuzaji anaweza kuibadilisha iwe AAC na kuiacha picha kama ilivyo. Ni kazi ya dakika chache. Kuigeuza picha kutoka H.265 kwenda H.264, kwa programu kama HandBrake, ni shughuli nyingine. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi kuliko urefu wa filamu yenyewe, na saa hizo zinakula mafuta.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mzigo wa kwanza ni wa muuzaji. Kabla ya kujaza flashi anapaswa kuuliza swali moja: utaitazamia kwenye nini? Majina mengi ya faili yana alama ya “x265” au “HEVC”, kwa hiyo jibu analo mbele ya macho. Mteja asiyejua aina ya kiboksi chake akibebe hadi dukani, faili ijaribiwe hapo kabla ya kulipa. Ni chepesi kuliko betri.

Anayenunua kipya aangalie katoni kama imeandikwa H.265 au HEVC. Na mwenye televisheni ya zamani ya kichogo atazame pia matundu ya nyuma: viboksi vingi vya sasa hutoa picha kwa waya wa HDMI, na televisheni hizo hupokea zile nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu.