Mti Uliobeba Sheria

Wairokwa, ambao wenyewe hujiita Haudenosaunee, wanasimulia kwamba Mleta Amani alipoyapatanisha mataifa matano yaliyokuwa yakiuana, yaani Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, alipanda msonobari mweupe katika nchi ya Onondaga, ambayo leo imo katika jimbo la New York. Silaha zikazikwa chini yake. Ni rahisi kuuona mti huo kama pambo la hekaya, lakini kila kiungo chake kilibeba wajibu wa kisiasa. Majani yake membamba huota matano matano katika kishada kimoja, sawa na idadi ya mataifa. Mizizi minne myeupe inayoelekea pande nne za dunia iliweka utaratibu wa kupokea wageni: anayeikubali Sheria Kuu ya Amani, yaani sheria ya mapatano hayo, huufuata mzizi hadi kivulini. Ndivyo Watuscarora walivyoingia mwanzoni mwa karne ya 18, wakawa taifa la sita. Tai wa kileleni naye ana zamu ya kutahadharisha hatari ikikaribia.

Mwenye shaka atasema kwamba maandishi marefu ya Sheria Kuu ya Amani ni ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo huenda maana hizi zilipachikwa baadaye. Baadhi huenda ziliongezwa. Hata hivyo, mwaka 1684 Otreouti, msemaji wa Onondaga, alimwonya La Barre, gavana Mfaransa aliyekuja na jeshi, kwamba askari wengi katika ngome ndogo wangeusonga mti wa amani. Mwandishi Mfaransa Lahontan aliyachapisha maneno hayo mwaka 1703, na hata kama aliyanakshi, yanaonyesha kuwa mti ulikwisha kuwa lugha ya mikataba, tena ya kumkemea mwenye jeshi.

Pingamizi zito zaidi ni vita. Mwaka 1649 Wairokwa waliwasambaratisha majirani zao Wawendat. Katika vita vya uhuru wa Marekani, Waoneida na Watuscarora wengi waliwaunga mkono waasi huku wenzao wengi wakiwa upande wa Waingereza. Ni kweli: kivuli kile kilikuwa na mpaka, na waliokuwa nje yake hawakukingwa. Lakini sheria kuvunjwa si ushahidi kwamba haikuwapo. Ushahidi wa kuwapo kwake ni nani aliyeweza kuidai, na hapa mama wakuu wa koo, wenye mamlaka ya kumteua chifu na kumvua cheo akiisaliti amani, wanatosha kuonyesha kwamba mti ule ulikuwa na wasimamizi.