Mchele Haufufui Diski

“Fundi, niifukie kwenye mchele siku ngapi?”

Swali hili limewachosha mafundi wa kompyuta wa Kibiti, na mara nyingi anayeuliza keshajijibu. Anatoa mfukoni diski ya nje iliyolala kwenye ndoo ya mchele siku tatu, wengine hata wiki, na chenga zimejipenyeza kwenye tundu la waya. Kompyuta haikuisoma kabla ya mchele na haiisomi baada ya mchele. Kilichoongezeka ni kazi ya kuchokonoa chenga kabla waya haujaingia.

Imani hii kushika mizizi bonde la Rufiji si ajabu. Mchele uko kila nyumba, na maji nayo hayabishi hodi. Aprili 2024 mto ulifurika, ukaingia kwenye nyumba na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Mei 4, watu hawajatulia, Kimbunga Hidaya kikapiga pwani upande wa Mafia. Siku kama hizo mtu huokoa watoto kwanza, kisha magodoro. Diski yenye picha zote za harusi za studio, au hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, hukumbukwa ikiwa tayari imelowa.

Hapo ndipo mchele unapoitwa, nao hauna uwezo huo. Mchele mkavu hufyonza unyevu kidogo wa hewa iliyouzunguka, tena polepole. Hauyavuti maji yaliyokwisha kuingia ndani ya kasha la chuma lililokazwa kwa skrubu. Mapema 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake wasiweke simu zilizolowa kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuziharibu. Simu haina sahani inayozunguka. Diski nyingi za nje zinayo, na huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani hiyo kichwa cha kusomea hupita kwa mwanya wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Vumbi la pumba halina nafasi hapo.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye wazo lenyewe la kukausha. Wataalamu wa maabara za kuokoa data huwaomba wateja wasiikaushe diski iliyozama. Maji ya mafuriko ya Rufiji hubeba tope, na kwenye vijito vya delta bahari ikijaa hupandisha chumvi. Yakikaukia juu ya sahani, tope hushikamana kama ganda na chumvi huanza kula chuma. Tope lile lile linalorutubisha mashamba ya mpunga ndilo linaloua diski.

Kwa hiyo diski iliyolowa isiwashwe hata mara moja “kuangalia tu”. Isianikwe juani, isipulizwe kwa mashine ya kukaushia nywele, isifunguliwe mezani. Ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kitambaa chenye unyevunyevu, isafirishwe haraka kwa mwenye maabara. Maabara huweza mengi: chombo cha anga cha Columbia kilipovunjika angani Februari 2003, diski yake moja iliokotwa miezi kadhaa baadaye kwenye ziwa lililokauka huko Texas. Sahani zake zilisafishwa kwa dawa maalumu na kuhamishiwa kwenye diski nyingine, na takriban asilimia 99 ya data ikapatikana. Zilisafishwa, hilo ndilo neno la kushika.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba diski nyingi zinazofukiwa kwenye mchele hazijagusa maji kabisa. Mara nyingi tatizo ni waya. Badili waya kwanza, kisha tundu la USB, kisha kompyuta. Acha kigawanyio cha USB cha matundu manne, mara nyingi umeme wake hautoshi. Diski ikionekana kwenye programu ya Windows ya kusimamia diski lakini haina herufi, ipe herufi. Kompyuta ikikuomba uifomati, kataa. Ikionekana bila mafaili, usiandike chochote juu yake. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec huokoa mengi, mradi unayookoa yahifadhiwe kwenye diski nyingine. Ikigonga tak-tak-tak au kukwaruza, chomoa papo hapo, maana kila dakika ya kuzunguka inaweza kuichubua sahani. Usiikung’ute, usiiweke kwenye friza. Diski za kisasa za SSD hazina sahani na hazigongi: zikifa hufa kimya, na kuzifufua ni kugumu zaidi.

Gharama ya maabara huumiza, na mara nyingi huipita bei ya diski mpya. Basi kabla ya masika ya Machi, mwenye studio Kibiti, mwalimu wa Mbwera na katibu wa kikundi Nyamisati wanunue diski ya pili, wanakili kila kitu, na hiyo ya pili waipeleke kwa ndugu anayeishi mahali ambapo mto haufiki.