Je, Wajua? Mark X Kabla Hujalipa

Toyota Mark X, saluni ya kifahari ya ukubwa wa kati, iliundwa kuanzia 2004 hadi 2019. Anayeitafuta Mombasa au Dar es Salaam leo ataipata ikiwa imeshatumika. Je, wajua kwamba:

• Injini zake zote ni V6, yaani za silinda 6? Iliyo ndogo kabisa ina lita 2.5, pigia hesabu mafuta mapema.

• Injini hizo zina cheni ya taimingi, si mkanda? Ukisikia ikigongagonga gari linapowashwa asubuhi, mwite fundi kwanza.

• Karatasi ya mnada wa Japani hueleza hali ya gari? Alama 4 au 4.5 ni nzuri. Herufi R huonyesha kwamba gari liligongwa likatengenezwa.

• Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza ushuru wa uchakavu?

Rangi inayong'aa haitoshi. Dai karatasi ya mnada, linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye gari, ndipo ulipe.