Gari hukukinga na radi, lakini si kwa sababu ya tairi

Miezi ya joto familia nyingi hupanda Jabal Akhdhar au Jabal Shams kukimbia hari ya Maskati. Ndiyo miezi ambayo mawingu mazito hujikusanya alasiri juu ya milima ya Hajar, na radi zikapiga. Wengi wanajua kwamba hapo ni kuingia garini na kufunga milango. Ushauri huo ni sahihi, lakini sababu inayotolewa mara nyingi siyo. Husemwa kwamba mpira wa tairi huzuia umeme. Radi iliyokwisha kupasua hewa masafa ya kilomita kadhaa haishindwi na mpira wa sentimita chache. Kinachokukinga ni bodi ya chuma.

Chaji za umeme ni za aina mbili, chanya na hasi. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Ndani ya chuma, shaba au alumini zimo elektroni zilizo huru kutembea. Sufuria ikiongezewa elektroni, kila moja huisukuma mwenzake, na zote hukimbiana hadi zifike mbali kadiri iwezekanavyo. Mwisho wa safari hiyo ni uso wa nje. Zikishatulia hapo, misukumo yao hufutana kwa ndani, hata pakawa hapana nguvu ya umeme.

Mwaka 1836, mjini London, Michael Faraday alijenga chumba cha futi 12 kila upande, akakizungushia waya na karatasi ya metali, kisha kikatiwa chaji kwa mashine mpaka cheche zikaruka nje. Yeye alikaa ndani na vipimo vyake, navyo havikuonyesha kitu.

Chaji hazienei sawasawa kila mahali. Juu ya tufe hugawanyika sawa, lakini kitu kikiwa na ncha, husongamana nchani. Ndiyo maana majengo marefu huwekwa fimbo ya chuma kileleni, iliyounganishwa na waya unaoshuka ardhini, ili radi ipate njia isiyopitia ndani ya nyumba. Wazo hilo lilitolewa na Benjamin Franklin wa Marekani miaka ya 1750.

Radi ikipiga paa la gari, umeme hupita kwa nje ya bodi kisha huruka kwenda ardhini, na tairi huweza kupasuka. Aliyemo ndani husalimika, ila azingatie haya:

- Vioo vifungwe, na mtu asishike chuma cha mlango, redio wala simu iliyo kwenye chaja.
- Gari lenye paa la turubai au bodi ya plastiki halina kinga hii. Hema pia halina, na kivuli cha mti ni khatari zaidi.
- Hesabu sekunde tangu mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, ingieni garini, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.
- Gari liwe juu, mbali na mkondo wa wadi. Chuma huzuia radi, hakizuii mafuriko.