Matera, muji wenye ulichimbwa ndani ya jiwe

Treni ndogo yenye inatoka Bari haina haraka. Inapita kati ya mashamba ya ngano na miti ya mizeituni, inasimama Altamura, kisha inaendelea mupaka Matera, katika jimbo la Basilicata, kusini ya Italia. Bahari inabakia nyuma. Ni kilometa karibu 65 tu, lakini mutu anasikia kama ameingia inchi ingine. Tulishuka, tukapita barabara za kawaida: maduka, benki, mitoka, vijana na simu zao. Tukajiuliza: ule muji wa zamani wenye watu wanasifu uko wapi?

Kumbe uko chini ya miguu. Kwenye uwanja wa Vittorio Veneto kuko matao matatu ya mawe. Tulisimama pale, tukachungulia. Chini yetu nyumba zilikuwa zimepandana, moja juu ya ingine, mupaka kwenye korongo lenye mto Gravina unapita. Njia ya mutu mumoja iko juu ya paa ya mutu mwengine. Rangi ni moja tu, ya jiwe. Hizo sehemu mbili za zamani wanaziita Sassi, maana yake mawe: Sasso Barisano upande mumoja, Sasso Caveoso upande mwengine. Kati yao kuko mulima mudogo, Civita, na kanisa kubwa ya karne ya 13 juu yake.

Ninyi wenye kazi yenu ni kuingia ndani ya udongo, mungeelewa Matera haraka kuliko watalii wengi. Juu ya nini? Juu huu muji haukujengwa kwanza. Ulichimbwa.

Sururu na jiwe laini

Jiwe la Matera ni la chokaa, lenye lilifanyika chini ya bahari zamani sana. Wenyewe wanaliita tufo. Ni laini, sururu inaliingia bila baruti. Mutu alianza na pango la kawaida pembeni ya korongo, akalipanua. Mawe yenye alitoa ndani hakuyatupa: aliyakata vizuri, akajenga nayo ukuta wa mbele, mulango, na wakati mwengine chumba kimoja zaidi inje. Remblai yake ilikuwa matofali yake. Familia ikiongezeka, alichimba tena, ndani zaidi.

Tuligusa kuta mara mingi. Alama za sururu bado ziko, zimepangwa mustari kwa mustari, sawa vile mutu mwenye mukono muzuri anaacha. Ndani mule, wakati wa joto kali inje, kuna ubaridi. Wakati wa baridi, jiwe linalinda joto kidogo. Mutu wa galeri anajua ile hali, hakuna lazima ya kumufasiria.

Makanisa pia yalichimbwa. Santa Maria de Idris iko ndani ya mwamba mumoja wenye unasimama juu ya Sasso Caveoso kama kichwa cha ngamia. Kuta zake zina picha za watakatifu, na unyevu umekula zingine. Nguzo za makanisa haya hazikujengwa, zimeachwa tu wakati wa kuchimba ili pafanane na kanisa yenye kujengwa.

Maji ya watu wote

Kitu chenye kilitushangaza zaidi kiko chini ya ule uwanja wa Vittorio Veneto. Wanakiita Palombaro Lungo. Ni tangi kubwa ya maji yenye ilichimbwa na kupanuliwa karne kwa karne, urefu wa kwenda chini ni karibu metre 15, na inaweza kubeba karibu litre milioni 5. Leo watu wanatembea ndani juu ya njia ya chuma. Kuta zimepakwa tope ya chokaa na vyungu vyenye kusagwa, juu ile tope inazuia maji kupotea ndani ya jiwe.

Maji ya mvua na ya chemchemi yalipitishwa katika mifereji kutoka juu, kutoka tangi moja mupaka ingine. Hata kwenye nyumba, paa ilitumwa kukusanya maji na kuyapeleka ndani ya kisima cha wote. Katika inchi yenye mvua ni kidogo, ile njo ilikuwa akili ya huu muji: hakuna tone lenye kuanguka bure. Palombaro ilifanya kazi mupaka robine za karne ya 20 zilipofika. Kisha watu wakaisahau, na mu 1991 njo ikafunguliwa tena.

Kitanda kirefu, kuku chini

Pale Vico Solitario kuko nyumba moja ya pango yenye inalindwa sawa vile watu walikuwa wanaishi. Unalipa euro kidogo, unaingia. Ni chumba kimoja. Meza iko katikati, na sinia moja tu, juu familia yote ilikula pamoja. Kitanda kiko juu sana. Godoro ni ya maganda ya mahindi. Chini ya kitanda, kuku. Nyuma, mahali mwamba unaingia giza, kuko kihori cha nyumbu, ule munyama mwenye baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Bila nyumbu mukulima hakufika shambani. Kumuacha inje ilikuwa kama kumutupa. Joto yake pia ilisaidia usiku. Na mutoto mudogo? Walimulaza ndani ya droo ya kabati.

Tulikaa pale kimya. Banamama wawili wa Italia wenye tuliingia nao walikuwa wanacheka juu ya ile droo, kisha nao wakanyamaza.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani mapango mingi yalikuwa stoo, zizi ao kisima, na kulikuwa na bustani juu ya paa. Kuanzia 1663 mupaka 1806, Matera ilikuwa muji mukubwa wa Basilicata. Matajiri wakapanda kujenga nyumba nzuri juu, kwenye sehemu ya tambarare, na wakageuzia Sassi mugongo. Watu wakaongezeka chini. Zizi likawa nyumba, kisima kikawa nyumba. Mahali maji yalikuwa yanapita, uchafu ukaanza kupita.

Mu 1935 na 1936, serikali ya Mussolini ilimufukuzia munganga na mwandishi mumoja, Carlo Levi, katika vijiji vya hili jimbo, juu alikuwa anaipinga. Kitabu chake *Cristo si è fermato a Eboli* kilitoka mu 1945. Ndani yake anaandika yenye dada yake, naye munganga, aliona Matera: watoto wenye macho ya kuugua, wenye malaria, wakimufuata mbiyo. Hawakumulomba makuta. Walimulomba kinini.

Siku serikali ilisema: mutoke

Kisha kile kitabu, wakubwa wa Roma walianza kuja. Palmiro Togliatti, kiongozi wa wakomunisti, alisema Sassi ni haya ya taifa. Alcide De Gasperi, waziri mukuu, akafika mu 1950. Tarehe 17 Mei 1952 sheria ikatoka, namba 619: watu wahame. Watu zaidi ya 15 000 walitolewa ndani ya mapango, pole pole, kwa miaka zaidi ya kumi. Nyumba zikabakia mali ya Serikali, na milango mingi ikazibwa na matofali ili mutu asirudie.

Haifai tuongope: ile sheria iliokoa watoto. Katika quartier mupya kulikuwa robine, courant, choo, dirisha. Wajenzi walikuwa watu wa akili. Kwenye kijiji cha La Martella, mbali kidogo na muji, mujenzi Ludovico Quaroni na wenzake walijenga kila nyumba na zizi lake pembeni, ili mukulima asilale tena na nyumbu, lakini asiwe mbali naye.

Hata wenye kufikiri ile kazi walielewa kama kuko kitu kingine cha kuhamisha, chenye haiko kwenye karatasi ya mujenzi. Kule Sassi, milango kumi hivi ilitazama kiwanja kimoja, na kisima kimoja. Wanaita vicinato, ujirani. Pale banamama walifua pamoja, walilinda watoto wa wenzao, walikopeshana chumvi, waligombana, wakapatana. Ukiwa mugonjwa, mulango wako usipofunguka asubuhi, mutu anakuja kugonga. Wajenzi walijaribu kuchora vicinato ndani ya quartier mupya. Lakini majirani wa kiwanja kimoja walitawanyika, kila mutu kwa namba ya nyumba yenye alipewa.

Ku belvedere, muzee mumoja mwenye fimbo alituonyesha kwa kidole mahali alizaliwa. Leo ni hoteli. Tulimuuliza, baba, ulifurahi kutoka? Alitikisa kichwa ndiyo, kisha akatikisa hapana. Akatueleza kama mama yake alipenda sana robine, na kama aliendelea miaka kushuka kwa miguu kutafuta majirani wake wa zamani.

Sisi wa Katanga tunajua lile neno délocalisation. Kolwezi, mugodi unapanuka, quartier inahama, watu wanahesabu milango na madirisha yenye watalipwa. Hesabu ya Matera inatukumbusha vitu viwili vya kuuliza mbele ya kutia sahihi: majirani wetu watakuwa wapi, na nyumba yenye tunaacha, karatasi yake itabakia na nani.

Wengine walishuka ndani ya makaa

Wakati ule wa kuhama, vijana wengi wa kusini ya Italia hawakungojea nyumba. Tarehe 23 Juni 1946, Italia na Ubelgiji waliandikiana mapatano: Italia itume wafanyakazi 50 000 kwenye migodi ya makaa ya mawe, nayo ipate makaa. Watu wa ngano na nyumbu wakajikuta chini ya udongo wa Ubelgiji, wakati Ubelgiji ule ule ulikuwa unachimba shaba yetu na mikono ya wababu wetu. Tarehe 8 Agosti 1956, moto uliwaka katika mugodi wa Bois du Cazier, kule Marcinelle. Watu 262 walikufa. Waitaliani walikuwa 136. Wengi walitoka mikoa ya kusini yenye haina kazi. Mutu wa mugodi akipita hapa, afikirie nao.

Leo, pango linalalwa kwa bei kali

Mu 1986 sheria ingine ilitoka, ya kutengeneza Sassi na kurudisha watu. Mu 1993 UNESCO iliyaandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mu 2019 Matera ilikuwa muji mukuu wa utamaduni wa Ulaya. Wenye sinema pia walikuja: Pasolini alitengeneza hapa sinema ya Injili ya Matayo mu 1964, na Mel Gibson akaja kutengeneza ile ya mateso ya Yesu yenye ilitoka mu 2004. Walitafuta Yerusalemu, wakaipata hapa.

Tulichungulia chumba kimoja cha hoteli. Mwamba ule ule, alama za sururu zile zile. Mahali pa kihori wameweka bafu, na taa ndogo. Usiku mumoja unaweza kupita mushahara wa juma wa mutu wa kazi. Wajukuu wa wenye walifukuzwa, wengine wanafanya kazi humo: wanaongoza watalii, wanapika, wanafua mashuka. Wachache wamerudi kuishi, juu nyumba mingi bado ni ya Serikali na mutu anapewa ya kutumia, haiko ya kuuza.

Siku ya mwisho tulienda kununua mukate. Mukate wa Matera ni wa ngano ngumu, munene, ganda lake kali, unakaa siku mingi bila kuharibika. Zamani kila mama alikanda kwake, kisha mukate ulipelekwa kwa tanuru ya wote. Ili isichanganyike, kila familia ilikuwa na chapa yake ya mti, yenye herufi za jina la baba, na waliigandamiza juu ya tope ya unga. Mukate ukikauka hautupwi: unalowanishwa maji, unatiwa nyanya, kitunguu na mafuta ya zeituni. Wanaita cialledda. Ni chakula cha wenye wanaamka mapema kwenda shambani.

Kama mutu anafika kule, avae viatu vya nguvu, juu ngazi hazina mwisho na jiwe linateleza. Tarehe 2 Julai ni sikukuu ya Madonna della Bruna: wanatembeza gari kubwa la karatasi lenye kupambwa, lenye limetengenezwa kwa miezi, na usiku watu wanalivamia na kulipasua, kila mutu arudie na kipande. Kila mwaka wanatengeneza lingine.

Katika duka moja la Sasso Barisano, fundi anachonga bado zile chapa za mukate. Alituuliza tunataka herufi gani. Tulishindwa kupatana, kila mutu alitaka ya kwao. Mwisho tulinunua moja yenye haina herufi, fundi akacheka. Iko hapa mezani tunapoandika. Inanusa mti tu, haijagusa unga bado.