Maji ya Wengine: Kiangazi Chetu Tshangalele, Kasenga na Kilwa

Mvua imeanza kunyesha Kipushi, mashamba yanatuita, na ndoano zetu zimepakwa mafuta na kurudishwa ndani ya kopo. Sokoni na kwenye mlango wa shule wengi mmetuuliza: "Mlienda kutafuta nini kwenye maziwa ya mbali, na mlirudi na nini?" Tunawajibu hapa, sababu tumesikia kwamba vikundi vingine vinataka kufuata njia hiyo mwaka ujao. Pesa ya likelemba ni pesa ya masomo ya watoto na ya dawa, na haifai kutupwa majini bila habari.

Sisi ni wamama kumi na mmoja. Wawili ni walimu, wengine wanauza makala, unga na mboga. Kipushi ni mji wa mgodi. Tangu miaka ya 1920 baba zetu na nkambo zetu walishuka chini ya ardhi kufuata shaba na zinki. Mgodi uliposimama mwaka 1993, nyumba nyingi ziliendelea kuishi kwa mikono ya mama. Zinki imeanza kutoka tena mwaka 2024, lakini si kila nyumba ina mtu aliyeandikwa kazi. Tumekulia karibu na shimo, kwa hiyo mambo ya shimo tunayajua. Mambo ya ziwa yalikuwa mageni kwetu.

Samaki wa kila siku sokoni kwetu ni Thomson wa barafu, anayetoka baharini, mbali sana. Dola ikipanda, naye anapanda. Ndipo tukasema: Katanga ina maji yake, twende tuyaone. Tulipanga safari tatu kati ya Juni na Oktoba. Kila mahali tungevua wenyewe kwa ndoano siku moja au mbili, ili tujue samaki wa pale na tabia yao, kisha tungenunua kwa wavuvi mzigo wa kuleta nyumbani.

Tshangalele: maji mafupi, saa ndefu

Safari ya kwanza ilikuwa Kapolowe, kwenye barabara ya Likasi. Ziwa Tshangalele lilitengenezwa na watu. Mto Lufira ulizibwa kule Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Cornet, ili kupata umeme wa migodi, na umeme huo ulianza mwaka 1930. Maji yalipopanda yalifunika mabonde na majani, na mpaka leo ziwa hilo ni pana lakini si la kina kirefu. Mahali pengi majani ya maji yanaonekana juu.

Tulifika katikati ya Juni, wakati wa baridi. Alfajiri hakuna samaki aliyegusa kamba. Nkambo mmoja wa pale, mama aliyekuwa akikausha samaki, alituita tukae karibu na moto wake. Alisema: "Wanangu, samaki naye anasikia baridi. Ngojeni jua lipashe maji." Tulingoja. Karibu saa nne, maji ya kando ya majani yalipopata joto, tilapia walianza kula. Chambo chetu kilikuwa bukari iliyokandwa ngumu, kidonge kidogo kama punje ya mahindi. Kwa samaki wenye kinywa kikubwa, wale wanaowinda samaki wadogo, nkambo alituonyesha ukingo wa majani. Wanajificha pale na kungoja, kwa hiyo kamba inapitishwa karibu kabisa na majani, polepole. Katikati ya maji wazi mtu anaweza kukaa siku nzima bure.

Kuna jambo la pili la Tshangalele ambalo kila mama anapaswa kulijua. Maji ya viwanda vya shaba vya Likasi yalipita kwa miaka mingi katika mto Panda, yakaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima samaki wa maji hayo wakakuta metali ndani yao, na wakaandika matokeo mwaka 2010. Metali haiondoki kwa kuchemsha, kwa chumvi wala kwa moshi. Inakusanyika zaidi katika ini, figo na matamvua kuliko katika nyama. Kwa sababu hiyo tuliamua mambo matatu: hatununui samaki karibu na mahali mto wa viwanda unapoingia, tunatoa matumbo na matamvua yote kabla ya kupika, na hatupendi kuwapa watoto wadogo wala mama mwenye mimba wale fretin wa maji hayo wanaoliwa wazima pamoja na matumbo.

Kasenga: ziwa lina mwenyewe

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, tulikwenda Kasenga, kwenye mto Luapula. Ng'ambo ni Zambia. Katika wakati wa Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wakinunua samaki pale na kuwapeleka kwenye barafu mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Kwa hiyo nkambo zetu wa mgodi walikula samaki wa Luapula kabla sisi hatujazaliwa.

Wakati ule samaki mwenye sifa alikuwa mpumbu. Mvua ikinyesha alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Watu walimwekea nyavu njiani, wakamchukua pamoja na mayai yake, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Leo mtoto wa Kasenga analisikia jina la mpumbu kuliko anavyomwona kwenye sahani. Mama anayechukua samaki mwenye mayai anachukua pia chakula cha mwaka ujao.

Wazee wa Luapula wanasimulia habari ya mwanamke aitwaye Nachituti. Ndugu yake, Nkuba, aliyekuwa mkubwa wa Washila na mwenye maji yale, alimuua mtoto wake. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe kulia na kuomba msaada. Nkuba alipouawa, Nachituti akampa Kazembe nchi pamoja na maziwa yake. Hadithi hiyo inatajwa mpaka leo watu wanapozungumza juu ya nani ana haki ya maji. Kwetu sisi wageni ilitufundisha heshima: usitie ndoano kabla ya kujitambulisha. Tulikwenda kwanza kwa mkubwa wa kijiji, tukasema tumetoka Kipushi, tukaeleza siku tutakazokaa. Alitupa kijana wa kutuongoza. Kijana huyo alituonyesha mahali mamba wanapoota jua, na mahali wamama wa pale hawachoti maji. Hakuna pesa ingeweza kutununulia habari hiyo kwa wakati.

Alituonya pia juu ya kusimama ndani ya maji matulivu yenye konokono, sababu ya bilharzia. Tulivulia kwenye mawe na kwenye bwato, miguu mikavu.

Kilwa: hesabu mwezi kabla ya kuhesabu pesa

Safari ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote: Kilwa, kando ya Ziwa Mweru. Ni Kilwa yetu ya Katanga, si ile ya Tanzania. Mweru ni ziwa kubwa la nchi mbili, lina karibu kilometa za mraba 5,100. Luapula inaingia upande wa kusini, na maji yanatokea Pweto yakiitwa Luvua. Hata kisiwa kinachoitwa Kilwa, kinachoonekana kutoka pwani yetu, ni cha Zambia. Mpaka unapita majini, hauna alama, na mama asiye na karatasi asikubali kupelekwa ng'ambo kwa sababu ya bei nzuri.

Pale tulitafuta chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawaita wanapokuwa gizani, lakini mwezi ukiwa mpevu mwanga umejaa kila mahali na taa haina nguvu tena. Kwa hiyo wiki ya mwezi mkubwa samaki ni haba na bei inapanda. Mfanyabiashara aliyetoka mbali bila kuangalia mbingu anakaa pwani akila pesa yake kwa kulala na chakula. Sisi tulifika mwezi ukiwa mwembamba, sababu nkambo wa Tshangalele alikuwa na dada yake Kilwa, naye alitutumia habari.

Chisense mzuri ana rangi ya fedha, anavunjika kwa sauti, hana mchanga. Mtu akikuuzia waliokauka juu tu, ndani wana maji, watakuozea kwenye gunia kabla ya kufika Lubumbashi. Vunja wachache katikati na uwanuse. Samaki mbichi naye, angalia matamvua mekundu, jicho safi, na nyama inayorudi ukiibonyeza.

Bei isiyolipwa kwa pesa

Sasa tunasema jambo ambalo wamama wanalisema kwa sauti ndogo. Mahali fulani katika safari zetu, ambapo hatutapataja, mwenye bwato moja alimwambia dada mdogo wa kikundi chetu kwamba samaki wamekwisha, lakini kwake yeye wanaweza kupatikana kama atalala pale mpaka asubuhi. Dada alielewa. Alirudi kwetu na beseni tupu, akalia, akafikiri tutamlaumu kwa nafasi iliyopotea. Mama mkubwa wa kikundi alimvika kitenge chake na kumwambia: "Beseni tupu halina aibu." Siku ile tulinunua kidogo, kwa bei kubwa, kwa mtu mwingine. Tuliandika hasara hiyo kwenye kitabu cha likelemba kama hasara ya wote.

Jambo hili halikuzaliwa Katanga. Huko Kenya, kando ya Ziwa Victoria, linaitwa jaboya, na limesaidia kusambaza virusi vya sida katika vijiji vya wavuvi. Mwaka 2011 wamama wa Nduru Beach, upande wa Kisumu, waliungana kulikataa. Jina la kikundi chao lilisema wazi kwamba samaki hawanunuliwi kwa mwili. Walipata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume kuvua, na mwenye mtumbwi akawa mama. Njia yao haikuwa laini. Mitumbwi mingine ilichakaa, na mafuriko ya mwaka 2020 yakavamia kijiji chao. Lakini walionyesha kwamba mwanamke akiwa na chombo chake, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Sisi hatuna bwato bado. Tuliweka sheria mbili: hakuna mama anayekwenda pwani peke yake, na hakuna mama anayedaiwa na kikundi kwa samaki aliowakataa kwa sababu hiyo.

Kwa wanaotaka kwenda mwaka ujao

Pesa tuliyotoa imerudi, na juu yake imebaki faida ndogo. Imelipa masomo ya mwanzo wa mwaka kwa watoto wa wamama wanne ambao zamu yao ilikuwa imefika. Tshangalele ilitupa kidogo, Kasenga ilitupa zaidi, na chisense wa Kilwa ndio waliobeba hesabu yote, sababu walifika wazima bila barafu.

Msiende sasa. Wenzetu wa Zambia wanafunga uvuvi wa Mweru na Luapula tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae, na upande wetu pia serikali hutangaza kufunga wakati wa mvua. Samaki mbichi wa miezi hiyo anauzwa kwa kujificha, na mama wa mwisho kumshika ndiye anayekamatwa naye barabarani. Msinunue pia samaki waliovuliwa kwa chandarua cha mbu. Chandarua kinakomba hata watoto wa samaki, na nyumbani mtoto wa mtu analala bila kinga ya malaria.

Tumieni miezi ya mvua kukusanya habari. Kila kikundi kitafute mtu mmoja wa pwani anayeaminika, mama kama inawezekana, na kumpigia simu kabla ya kutoa hata franka moja. Mwulizeni maji yanatoka wapi, mwenyewe ni nani, mwezi uko namna gani, na wamama wageni wanalala wapi. Kuuliza si ujinga. Majina ya wenyeji waliokubali kutupokea yako kwenye kitabu cha kikundi. Anayeyataka aje Jumamosi baada ya mkutano, alete daftari na kalamu, na aje na mwenzake.