Damu Baada ya Sindano ya Kuyeyusha Donge

Damu imepewa tabia mbili zinazoonekana kupingana. Ndani ya mshipa hutiririka usiku na mchana bila kukoma, na pale ngozi inapokatwa huganda upesi ili uhai usimwagike. Mtu mwenye afya hahisi hata moja ya kazi hizo. Huja kuzijua siku donge linapoganda mahali pasipo na jeraha, ndani ya mshipa unaolisha moyo, misuli ya moyo ikaanza kufa kwa kukosa hewa.

Ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wanazo hospitali ambamo daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuufungua kwa puto dogo. Sisi wa Isiolo tumetenganishwa na vyumba vya Nairobi kwa zaidi ya kilomita 250 za barabara ya Nanyuki, na mgonjwa wa Merti au Garbatulla ana safari nyingine kabla hata ya kuufikia mji wetu. Madaktari wa moyo wanaelekeza kwamba puto lisipoweza kufikiwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa kutambuliwa, na kukiwa hakuna kizuizi, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha donge papo hapo alipo, kisha asafirishwe. Kwa hiyo dawa hii yatuhusu sisi wa miji ya mbali kuliko wakaazi wa miji mikubwa. Na watakaoketi kando ya mgonjwa katika ambulensi, damu yake ikiwa si ile waliyoizoea, ni mke, binti au dada.

Dawa ya kwanza ya aina hii ilitokana na kijidudu kinacholeta maumivu ya koo. Mwaka 1933, huko Baltimore, Marekani, mtaalamu William Tillett aligundua kwamba bakteria wa streptokoki hutoa kitu kinachoyeyusha damu ya binadamu iliyoganda. Kitu hicho kikaja kuitwa streptokinesi. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya manufaa yake kwa moyo kuthibitishwa kwa wagonjwa wengi. Utafiti wa Italia wa 1986 ulionyesha kwamba waliopata dawa ndani ya saa ya kwanza ya maumivu, vifo vyao vilipungua kwa karibu nusu. Kadiri saa zilivyopita faida nayo ilipungua. Mwaka 1988 utafiti ulioitwa ISIS-2, wa wagonjwa 17,187, ukaonyesha kwamba katika kila 100 waliopewa streptokinesi pamoja na aspirini walifariki 8 ndani ya wiki tano, na katika kila 100 wasiopewa hata moja walifariki 13. Ajabu ni kwamba bado wapo watu miongoni mwetu wanaokaa na maumivu ya kifua tangu alfajiri hadi laasiri wakinywa tangawizi.

Sasa, damu hubadilika vipi? Donge hushikiliwa na nyuzi za protini, kama kamba za kikapu. Nyuzi hizo husukwa kutokana na fibrinojeni, protini inayoelea ndani ya damu kwa kadiri ya gramu 2 hadi 4 katika kila lita. Dawa huamsha kimeng'enya cha mwili wenyewe kiitwacho plasmini, nacho hukata nyuzi. Tatizo la streptokinesi ni kwamba haichagui. Plasmini huzagaa katika damu yote, ikakata nyuzi za donge na pia fibrinojeni isiyo na kosa. Kwa saa chache kiwango chake chaweza kushuka chini ya gramu 1, na vipande vilivyokatwa navyo huizuia damu kuganda. Alteplesi na tenekteplesi, dawa zilizokuja baadaye, hulenga zaidi donge lenyewe, ingawa hatari ya kutokwa na damu haiondoki. Dawa hutoweka mwilini mapema. Ini ndilo linalohitaji siku moja hata mbili kuunda fibrinojeni mpya.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba damu hiyo hiyo iliyo nyepesi ina hamu ya kuganda tena. Donge linapovunjika huachia kichocheo cha kugandisha kilichokuwa kimefungwa ndani yake, na mshipa uliofunguka waweza kuziba upya. Ndiyo sababu mgonjwa huongezwa aspirini na heparini. Hapa huulizwa swali la haki, kwa kuwa heparini nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Palipo na darura, na daktari mwaminifu akasema hapana badala yake, mgonjwa apewe. Mtu asiache roho ya mzazi wake ipotee kwa jambo ambalo sheria imelifungulia mlango.

Kabla ya sindano daktari atauliza maswali, na kuficha majibu ni hatari. Je, amewahi kupata kiharusi? Ameanguka kwa bodaboda akaumia kichwa miezi hii? Amepasuliwa karibuni, ana mimba, ana vidonda vya tumbo? Miraa nayo isemwe. Twajua aibu inayowazuia jamaa kuitaja, lakini miraa hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo la juu sana huzidisha hatari ya damu kuvuja katika ubongo. Msiba huo humfika takriban mgonjwa 1 katika 100 wanaopewa dawa hii kwa ajili ya moyo. Dalili zake ni kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, kutapika, maneno kuchanganyika, au upande mmoja wa mwili kulegea. Ikitokea hata moja, muuguzi aitwe dakika hiyo hiyo, na kama mko njiani gari lielekezwe hospitali iliyo karibu.

Ufizi kutoa damu kidogo na michubuko palipochomwa sindano si ajabu. Choo cheusi kama lami, au mkojo mwekundu, ni jambo la kuripotiwa. Mswaki wa mti uwekwe kando kwa siku hizo, kinywa kisukutuliwe kwa maji. Asikandwe mwili, asing'olewe jino, asichomwe sindano ya msuli.

Mama mmoja alituuliza baada ya darsa: mumewe ametoka hospitali kwa matibabu haya, na jirani anasema siku ya tatu afanyiwe hijama ili damu chafu itoke. Tulimjibu asithubutu. Hijama, ambayo wazee wa pwani waliiita kuumika, au kupiga chuku, ni kuchanja ngozi na kuvuta damu, na damu ya mtu huyu haijui tena kusimama. Hata baada ya wiki kadhaa bado atakuwa anameza aspirini na klopidogreli, mara nyingi kwa mwaka mzima, na muda wote huo hijama isifanywe bila idhini ya daktari wake. Sunna haikuja kumdhuru mgonjwa.

Kwa kina mama: hedhi si sababu ya kunyimwa dawa hii, ila daktari aambiwe, maana damu yaweza kuzidi. Ikihukumiwa kuwa ni ya istihadha, mwanamke ajisafishe, ajifunge vizuri, atawadhe kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Damu ya pua au ya ufizi haivunji udhu katika madhehebu ya Shafi, bali hupanguswa. Aliyekatazwa kuinuka asali akiwa amelala.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, ombeni karatasi yenye jina la dawa aliyochomwa na tarehe yake. Aliyepewa streptokinesi mwili wake hutengeneza kinga dhidi yake inayodumu kwa miaka, na akichomwa tena yaweza isifanye kazi au ikamletea mzio mkali. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho chake, na mtu mwingine nyumbani ajue ilipo.